Jibu: Samaki wa haraka ukitoka kazini usiku

Dada, umeuliza upike samaki gani chapchap ukifika nyumbani saa moja na watoto wana njaa, mi nakwambia achana na kukaanga, pika chukuchuku, yaani wa kuchemsha bila mafuta. Nunua changu wadogo wanne, muuzaji akuparie magamba palepale sokoni, usibebe hiyo kazi nyumbani. Bandika wali kwanza. Samaki wapige chale mbili tatu kila upande, paka chumvi, kitunguu saumu na ndimu, halafu wapange kwenye sufuria pana na nyanya mbili, kitunguu, bamia kama zipo na pilipili mbuzi nzima isipasuke, maji yawafikie nusu tu, funika, dakika 15 hivi zinatosha.

Na tafadhali usikoroge na mwiko!! watavunjika wote na miiba itajaa mchuzini na kwa watoto hiyo ni hatari, we shika sufuria kwa kitambaa uitikise taratibu. Ukiona macho yamekuwa meupe na nyama inaachia mfupa, epua. Kamulia ndimu nyingine hapo hapo mwishoni, ile ya mwanzo harufu yake inakuwa imeshapotea kwenye moto. Mchuzi ukibaki, kesho asubuhi unashushia na muhogo.