Kuwasaidia vijana wa tabianchi: hesabu miche iliyo hai

Ndugu mleta mada, umesema una akiba kidogo na jioni mbili za wiki, na karibu nawe kuna vijana walioanzisha kikundi cha kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Unauliza uwasaidieje bila kuwaharibia kazi. Nimekuwa mlezi wa kikundi cha namna hiyo kwa miaka tisa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona, yakiwemo niliyoyakosea mwenyewe.

Mwaka wa kwanza nilihangaika kutafuta mfadhili, tukapata miche 400, fulana na bango. Siku ya kupanda watu walifurika, wakubwa wakashika majembe, picha zikapigwa. Kiangazi kilipokwisha, kiongozi wa kikundi, binti wa miaka 19, alinipigia simu akaniomba twende tukahesabu. Tulizunguka eneo lote asubuhi ile, mche kwa mche. Iliyokuwa hai ilikuwa 31. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba tangu siku ile hakuna mtu aliyemuuliza maji ya kumwagilia yanatoka wapi, na kwamba yeye na wenzake watatu walikuwa wakibeba madumu mpaka mitihani ilipowabana.

Fedha tulikuwa nazo, ila zote ziliishia kwenye siku moja. Wangari Maathai alilitambua hili zamani. Katika Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha Kenya mwaka 1977, wanawake waliootesha miche walipewa malipo madogo kwa kila mche ulioshika ukaishi. Ukilitazama haraka utadhani ni suala la uhasibu tu. Lakini anayelipwa kwa mche ulio hai atachagua mti unaoukubali udongo ule, atasubiri mvua, atauzungushia kinga dhidi ya mifugo, na atarudi kuuangalia. Anayelipwa kwa idadi ya mashimo atachimba mashimo.

Kwa hiyo akiba yako usiitoe yote kwa mkupuo. Igawe iwe kidogo kila mwezi, kwa miaka miwili ukiweza, na uwaulize ni gharama zipi ambazo hakuna mfadhili anayezikubali. Utasikia nauli, bando la simu, ada ya usajili wa kikundi, madumu, mtu wa kulinda kitalu wao wakiwa masomoni. Humo ndimo vikundi vingi vinamofia. Risiti zitunzwe na fedha zitoke kwa saini mbili, yako isiwe mojawapo. Wakikosea hesabu mara moja, kaa nao mpaka ziwiane, usiwanyang'anye daftari.

La pili linaniuma zaidi kulisimulia. Vijana wetu waliamua kuchunguza mafuriko. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwauliza wazee maji yalifika wapi mwaka gani, wakachora mistari ya rangi ukutani, kisha wakaiweka yote kwenye ramani. Ikadhihirika kwamba kalavati moja lilikuwa jembamba kuliko mtaro unaoliingilia, ndiyo maana maji yalirudi nyuma na kuingia kwenye nyumba zile zile kila msimu wa mvua kubwa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma.

Tulipopata nafasi kwenye kikao cha viongozi, nilisimama mimi kuiwasilisha. Niliogopa watadharauliwa. Mjumbe mmoja akauliza nyumba ngapi zimeguswa zaidi ya mara moja. Sikuwa na jibu. Yule binti kiongozi alikuwa nalo, ameketi kiti cha nyuma, na hakuna aliyemgeukia. Baada ya kikao kile ofisi ilinipigia mimi simu, na ikaendelea kunipigia mimi kwa karibu mwaka mzima. Nilidhani ninawafungulia mlango, kumbe nimesimama katikati yake.

Kujirekebisha kulichukua muda. Kila simu niliijibu kwa kutoa namba ya binti yule, kwa ridhaa yake. Kabla ya kikao kilichofuata tulifanya mazoezi jioni tatu, mimi nikiwa mjumbe mkorofi anayekatiza maneno. Siku yenyewe nilibaki nje. Kalavati bado halijapanuliwa, ila limeingia kwenye bajeti, na barua imeandikwa kwa jina la kikundi. Jioni zako mbili zitafaa sana kwa kazi kama hiyo: kusoma nao barua za ofisini, kuwaeleza bajeti hupangwa lini na nani huamua, kuwatambulisha kisha kunyamaza. Walio chini ya miaka 18, hakikisha wazazi wao wanajua waliko na wanarudi saa ngapi.

Kuna jambo nililichelewa kuliona: vijana hawa wanazibeba habari za dunia moyoni kuliko sisi. Ilipotangazwa kwamba 2024 ndio mwaka wa kwanza wa kalenda kuvuka nyuzi joto 1.5 juu ya wastani wa kabla ya zama za viwanda, kijana wetu mmoja aliyekuwa hodari kwa ramani aliacha kuja. Nilimfuata. Nilimweleza kwamba lengo la Mkataba wa Paris wa 2015, la kujitahidi ongezeko la joto lisizidi nyuzi hizo 1.5, linapimwa kwa wastani wa miaka mingi, na kwamba kila sehemu ya kumi ya nyuzi inayozuiliwa ina watu nyuma yake. Alinisikiliza kwa adabu na hakurudi.

Wiki kadhaa baadaye mvua kubwa ilinyesha usiku. Asubuhi wenzake walimwendea wakiwa na kopo la rangi, wakamwambia hakuna mwingine anayejua mistari ya zamani iko kuta zipi. Nilipofika kwenye kalavati nilimkuta amepiga magoti matopeni, anaandika tarehe.