Uandishi wa uchunguzi na biashara Ujerumani: njia niliyopita mimi

Mkuu, umeuliza kama digrii yako ya uandishi wa habari ya Dar itakufikisha kwenye dawati la uchunguzi Ujerumani. Nipo Köln mwaka wa tisa sasa, nakujibu kwa niliyoyaona.

Digrii hiyo wahariri wa huku hawaiangalii sana. Wanauliza Volontariat umefanyia wapi. Hayo ni mafunzo ya kazini, kwa kawaida miezi 18 hadi 24, unalipwa huku unazungushwa dawati hadi dawati. Wengine hupitia shule za waandishi: Henri-Nannen ya Hamburg, DJS ya München, na hapa Köln ipo ya siasa na uchumi. Mimi nilikataliwa mara mbili. Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji.

Kilichoniokoa ni daftari la duka la mjomba Kariakoo, nililolitunza miaka minne. Nikiwa kibarua kwenye gazeti dogo la mkoa, mhariri alituletea hesabu za kampuni moja ya ujenzi. Wenzangu wakasoma barua ya mkurugenzi, ile iliyopambwa. Mimi nikaenda kurasa za nyuma, kwenye herufi ndogo. Faida imepanda, taslimu imekauka, madeni wanayodaiwa wateja yamevimba. Dukani kwetu hiyo ilikuwa na maana moja: mali imetoka, hela haijaingia. Nikauliza wateja hao ni akina nani, na hapo ndipo ilipoanza habari yangu ya kwanza. Wewe unaweza kujizoeza ukiwa huko huko, maana tangu Agosti 2022 daftari la makampuni la Ujerumani linasomwa mtandaoni bure.

Kumbuka Wirecard, ile kampuni ya malipo ya Ujerumani. Waliokomaa nayo ni gazeti la Financial Times la London, na mwaka 2019 BaFin, msimamizi wa masoko ya fedha, akawapeleka waandishi wao kwa waendesha mashtaka! Juni 2020 ikabainika euro bilioni 1.9 hazionekani popote.

Ila usije na ndoto ya Panama Papers, zile nyaraka zilizovuja za kampuni za siri za ng'ambo. Waandishi waliozipata, Obermayer na Obermaier, walikuwa na gazeti kubwa la Süddeutsche Zeitung nyuma yao, na mwaka 2022 wakaondoka kuanzisha kampuni yao ya habari za uchunguzi, paper trail media. Wengi wetu tunaanza na vikao vya madiwani na moto wa maghala. Gazeti la biashara la Financial Times Deutschland lilipofungwa Desemba 2012, watu wazoefu kabisa walibaki bila dawati. Ninaowajua wawili sasa ni wasemaji wa makampuni, na siwalaumu.

Ukiwa wa kujitegemea, omba kuingia KSK, mfuko unaokubebea karibu nusu ya michango ya bima. Na malipo kubalianeni kwa siku za kazi. Kuna gazeti lilikalia habari yangu miezi saba, kisha likanilipa kwa mistari iliyochapwa tu. Mistari 94. Nauli ya treni peke yake ilikuwa zaidi.

Kijerumani kifikishe C1 kwanza, yaani ngazi ya juu. Ukikwama kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, nitumie ujumbe, tuisome pamoja.