Ndugu Yako Anakuja na Pasi ya Nje? Anza na Viza

Desemba Moshi hujaa. Kila Mchaga aliyeko mbali hutafuta namna ya kurudi kabla ya Krismasi, na Desemba 2024 ilikuwa zamu ya kaka yangu anayeishi Minnesota, pamoja na mke wake na watoto wao wawili. Tulikuwa hatujamwona kwa miaka kumi na moja. Nilifika uwanja wa ndege wa KIA mapema, nikasimama pale wanapotokea abiria nikiwa na maua mkononi. Watu wa ndege ile wakatoka, wakapokewa, wakaisha. Wao hawaonekani. Nilisubiri karibu saa nzima.

Shida ilikuwa viza. Wifi yangu alitafuta viza ya Tanzania kwenye simu, akafungua tovuti ya kwanza iliyojitokeza. Ilikuwa na bendera yetu, twiga na Mlima Kilimanjaro, akaamini ni ya serikali. Kumbe ni ya wakala binafsi. Ada halisi kwa Mmarekani ni dola 100; wao walitozwa karibu mara mbili kwa kila kichwa, watoto wakiwemo. Halafu jina la kaka likajazwa kichwa chini miguu juu, jina la ukoo likakaa mahali pa jina la kwanza. Afisa pale dirishani akilitafuta, halipo.

Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku kaka alipochukua uraia wa Marekani, wa kwetu ulikoma. Akasimama foleni ya wageni na pasi ya bluu iliyoandikwa ndani kwamba amezaliwa Tanzania. Aliniambia baadaye kwamba wala si ile saa moja iliyomuumiza, bali kujieleza kwa Kiswahili chake cha Marangu mbele ya dirisha la wageni huku wanawe wakimtazama. Afisa yule alikuwa muungwana, namshukuru mpaka leo. Alitafuta kwa namba ya pasi, akayapata maombi, akarekebisha, akawagongea mihuri. Lakini jambo lile lingezuilika huku nyumbani, na mimi ndiye ningelizuia.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu mnaopokea ndugu na marafiki: msimwachie mgeni kazi hii peke yake. Wewe unaijua nchi, yeye anaijua simu yake tu. Mtumie anwani sahihi wewe mwenyewe: visa.immigration.go.tz. Atazame mwisho wa anwani, kama hapasomeki “.go.tz”, aondoke, hata ukurasa uwe mzuri namna gani. Atahitaji picha yake, nakala ya ukurasa wa pasi wenye taarifa zake, tiketi ya kurudi, na taarifa za mwenyeji, yaani wewe: jina, simu, mahali unapoishi. Pasi iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Mimi nawaambia wangu waombe mwezi mzima kabla. Viza hupatikana pia ukishatua, lakini baada ya safari ya saa ishirini na watoto wanaolia, nani anataka foleni nyingine?

Kwa mataifa mengi viza ya kawaida ni dola 50, kuingia mara moja, siku zisizozidi 90. Mmarekani analipa 100 na viza yake ni ya miezi kumi na miwili, ila kila akiingia hakai zaidi ya siku 90. Wengi huchanganya hapo, wakadhani wamepewa mwaka wa kukaa. Jirani zetu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawahitaji viza. Na ile viza ya pamoja ya utalii ya dola 100 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu, Tanzania haimo.

Suala la homa ya manjano lichukulie kwa uzito. Anayetoka Ulaya moja kwa moja haulizwi kadi ya chanjo. Anayelala Addis Ababa au Nairobi akisubiri ndege, na subira ikazidi saa 12 hata kama ni ndani ya uwanja, anaulizwa. Vivyo hivyo anayeshukia Nairobi akapanda basi la kuja mpakani Namanga, na huyo atahitaji pia idhini ya kielektroniki ya kuingia Kenya, iliyochukua nafasi ya viza yao tangu Januari 2024. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa juzi ya safari hakusaidii. Ukishaipata, kadi ni ya maisha.

Rafiki wa wifi, muuguzi, alitaka kufuatana nao asaidie zahanati ya kijijini kwa wiki mbili. Moyo mzuri sana. Lakini viza ya kawaida hairuhusu kazi, hata ya kujitolea bila senti moja. Kwa kazi fupi ipo viza ya biashara ya dola 250, isiyozidi miezi mitatu, na ni vyema zahanati yenyewe iulize Uhamiaji kabla mgeni hajakata tiketi. Nilimweleza, akaja kutembea tu, akafurahi.

Wakienda Zanzibar, wakumbushe bima. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayeingia visiwani hukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine ya kwao. Na kwenye mabegi wasifungie viatu ndani ya mifuko ya rambo. Imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Wifi alikuwa nayo sita, tukaiacha palepale uwanjani.

Safari iliyofuata fomu zao nilizijaza mimi, usiku, kaka akiwa upande wa pili wa simu akinisomea pasi herufi moja moja. Tulipofika kwenye jina la ukoo nikamwomba alirudie mara tatu.