Kabla Hujaipeleka Barua ya Kuacha Kazi

Jumatatu usiku daktari kijana wa hospitali ya kaunti ndogo aliniandikia: "Dokta, barua ya kuacha kazi nishaiandika. Niipeleke?" Usingizi ukaniruka. Barua kama hiyo niliipeleka mimi mwenyewe mwaka wa 2018, na mkubwa wangu akaitia sahihi bila kuinua macho. Miaka mitano nimemfanyia kazi, hata "kwa nini" hakuniuliza. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mimi ni daktari wa familia. Hapa Kenya mafunzo yetu yalianza Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2005, na bado tu wachache mno. Nilisomea kumjua mgonjwa pamoja na nyumba anayotoka: nani anapika, nani ananunua dawa, nani amefiwa majuzi. Nilipohitimu nikapewa upasuaji wa wazazi usiku, wodi asubuhi na vikao vya usimamizi mchana. Mgonjwa wa presha niliyemwona mwezi wa tatu sikumwona tena.

Watu husema madaktari tunakimbilia pesa. Pesa ni kweli. Mshahara ukichelewa miezi miwili, karo haingoji, na zile siku 100 za mgomo kuanzia Desemba 2016 hatukugoma kwa kupenda. Lakini kilichonimaliza mimi ni kuwatibu watu nisiowajua, leo hawa, kesho wengine, hata nikasahau niliingia udaktari kutafuta nini.

Miaka yangu ya hospitali ya kibinafsi siisimulii, haina la maana. Mwaka wa 2021 nilirudi serikalini, kaunti nyingine, na kabla ya kukubali kazi niliomba jambo moja kwa maandishi: Jumatano niachiwe kliniki ya sukari na presha, wagonjwa wawe walewale.

Jumatano iliyopita alikuja mama mmoja ninayemtibu mwaka wa tatu sasa. Sukari yake ilikuwa imepanda vibaya, ilhali sindano anajidunga kila siku bila kukosa. Friji hana, insulini huiweka ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi. Nikamwuliza, "Mama, chungu kiko wapi siku hizi?" Akafikiri kidogo. "Daktari mwanangu, paa lilivuja, nikakisogeza karibu na meko." Joto la meko lilikuwa limeiharibu insulini. Asiyemjua angemwongezea dozi, na chupa mpya, ambayo haijaharibika, ingemshusha sukari kupita kiasi na kumwangusha. Nilitoka hapo saa kumi na moja jioni sijala, na sikuhisi uchovu.

Ndiyo maana nasema, kijana wangu, kabla ya barua omba siku moja ya kazi uliyosomea. Iombe kwa maandishi, na ukinyimwa iombe tena. Chukua likizo yako yote. Mimi niliwaachia likizo zangu na hakuna aliyenishukuru. Tafuta mwenzako mmoja wa kubadilishana zamu, umwambie ukweli siku unapolemewa.

Nanyi mnaosimamia afya kwenye kaunti, tangu ugatuzi wa 2013 sisi tuko mikononi mwenu. Lipeni kwa wakati. Mpandisheni daraja aliyestahili bila kumzungusha ofisi hadi ofisi. Daktari wa familia mpeni familia, msimfanye kiraka cha kila pengo. Na mtu akileta barua ya kuacha kazi, mpeni kiti, mumsikilize. Mkishindwa hata hilo, msishangae kuwasikia madaktari wenu wako Uingereza.

Kijana nilimjibu usiku uleule: omba siku moja kwanza. Jana amenipigia simu. Amepewa Alhamisi, nusu siku, kuanzia saa nane mchana. Barua bado iko kwenye droo yake.