Usilipie hoteli ya fungate Zanzibar kabla hujaangalia mwezi

Mleta mada, kama hujatuma hizo hela, simama hapo hapo.

Umeandika kwamba wakala kakuletea hoteli mbili za nyota tano upande wa mashariki wa Unguja, zote kati ya Bwejuu na Michamvi, fungate ni Agosti, bibi harusi anataka kuogelea baharini asubuhi na jioni, na ofa inaisha Ijumaa. Unauliza uchukue ipi, uende kwa ndege au boti, ulipie chakula chote hotelini au chai ya asubuhi tu, na kama inafaa kulala Mji Mkongwe. Nimesoma majibu ya waliotangulia. Mmoja kasifia bwawa, mwingine kasifia pweza, wa tatu kakupa hongera. Watu wazima wote hao, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama siku hizo bahari itakuwepo.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Kama bahari itakuwepo.

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Maji niliyokulia ni ya Ziwa Victoria, na ziwa lile lina kasoro zake nyingi, lakini halijawahi kuondoka asubuhi bila kuaga. Kwamba bahari hujaa na kupwa nilifundishwa shuleni, na kwenye mtihani nikapata vema. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kuna sehemu inakupwa mpaka unatamani kukodi bodaboda uifuate.

Tulifika hotelini mnamo saa kumi jioni. Bahari ipo, rangi ya feruzi, inapiga ukuta wa hoteli kama kwenye picha za wakala. Shemeji yenu akanishika mkono. Nilijiona mwanaume aliyekamilika. Asubuhi tukanywa chai, tukavaa nguo za kuogelea, taulo begani, saa nne tupo ufukweni. Bahari hakuna. Kuna mchanga na madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, kina mama wameinama wanahudumia mwani wao, na mbali kabisa, mbali ya kufinya macho, kuna mstari mweupe wa mawimbi. Niliwahi kusoma kwamba bahari ikirudi nyuma ghafla ni dalili ya tsunami. Kwa hiyo nikageuka mbio kwenda mapokezi kutoa taarifa.

Cheka tu, hata mimi sasa nacheka. Kijana wa mapokezi hakucheka, nadhani walishamfundisha. Akaniambia, "Maji yametoka tu, kaka. Leo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Alasiri yatakuja, saa kumi utayaona hapa ukutani."

Nikakataa. Mtu umelipa zaidi ya dola 400 kwa usiku, huwezi kukubali kuambiwa maji yana ratiba. Nikaanza kuyafuata kwa miguu, peku. Katikati ya safari nikakanyaga lile dude jeusi la miiba linalokaa kwenye mawe. Mama mmoja wa mwani ndiye aliyeniokoa, akanipaka utomvu wa papai, huku wenzake wanaulizana kwa sauti baba huyu kapoteza nini huku. Swali zuri sana lile. Nilikuwa nimepoteza hela.

Nieleze sasa kwa nini iko hivyo, maana wakala wako hatakueleza. Ukanda wote wa mashariki wa Unguja, kuanzia Matemwe, Kiwengwa, Pongwe, ushuke Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, una mwamba wa matumbawe mbali na pwani. Kati ya mwamba na ufukwe ni kina kifupi, karibu tambarare. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika mita tatu, inaelekea nne. Ukitoa mita tatu kwenye maji ya kina cha mtu, kinachobaki ni uwanja wa mpira. Ndiyo maana mwani unalimwa huko tangu 1989 na wanaoulima wengi ni wanawake: unahitaji mahali ambapo maji yakitoka unaweza kusimama ukafunga kamba zako. Shamba zuri la mwani ni mahali pabaya pa kupiga mbizi, na sidhani kama hilo lilihitaji wakala mwenye ofisi yenye kiyoyozi kulijua.

Ncha ya kaskazini-magharibi, Kendwa na upande wa machweo wa Nungwi, ufukwe unateremka haraka kwenda kwenye kina. Maji yakipwa unaongeza hatua kadhaa, unaendelea kuoga. Hicho ndicho kinachowajaza watu kule mpaka wanakanyagana.

Nije kwenye mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Pwani yetu, siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi, jioni na alfajiri. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki hivi unaingia kwenye maji mafu, na hapo mambo yanageuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Huhitaji programu ya kulipia. Angalia kalenda ya Kiislamu. Kuanzia tarehe 1 na kuanzia tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, asubuhi yako upande wa mashariki ni ya kutembea. Tarehe 8 au 22 ya mwezi huo, utaogelea. Mvuvi yeyote wa Jambiani anajua hili akiwa usingizini. Mimi na diploma yangu nikawa mtalii wa tope.

Nikampigia wakala. Jina lake namhifadhia, ana familia. Nikamwambia bahari haipo. Akanijibu, "Bosi, kwani hukujua bahari hupwa?" Nikamuuliza kwa nini hakunitajia. Akasema, "Lakini si kuna bwawa?" Wakuu, bwawa! Nivuke nchi nzima kutoka kanda ya ziwa, nipande boti, nilipe kwa dola, nije kuoga kwenye bwawa lenye klorini! Nilipombana zaidi akaniambia mwenyewe kwamba ile hoteli hajawahi kufika, anaiuza kwa picha alizotumiwa. Picha zenyewe nilizirudia zote usiku ule. Vivuli virefu vyote vimelalia upande mmoja, jua la alasiri, maji yamejaa pomoni. Yaani waliisubiri bahari irudi ndipo wakapiga.

Hela haikurudi. Ofa ya punguzo ilikuwa na sharti la kutorudishiwa, maandishi madogo chini kabisa, na hoteli wakasema walichouza ni chumba, na chumba kipo. Kisheria walikuwa sawa, hilo ndilo lililoniuma. Tukaziacha siku zilizobaki, tukakatiza kisiwa kizima kwenda Kendwa, tukalipa upya kwa bei ya kufika ghafla, ambayo ni bei ya kukomolewa. Fungate moja, hoteli mbili, na moja kati ya hizo tuliilipia bila kuilalia. Ndani ya gari shemeji yenu alikumbuka ufukwe wa ziwa kule kwetu Mwanza, akatamka sentensi moja tu: "Capri Point ilikuwa bure."

Usidanganywe na nyota. Nyota hupewa jengo, vitanda, jiko, huduma. Hakuna nyota ya bahari. Hoteli inaweza kuwa na tano halali kabisa na mbele yake asubuhi pakawa pa kuchezea bao.

Angalia ofa yako tena. Umeweka picha ya hoteli ya pili yenye gati refu la mbao, umeliita la kimapenzi. Mkuu, hakuna mtu anayejenga gati refu namna ile kwa ajili ya mapenzi. Linajengwa kwa sababu bila hilo mgeni hafiki kwenye maji. Umeweka pia picha ya ule mgahawa wa juu ya mwamba Michamvi Pingwe, kwamba uko karibu na hoteli. Ni kweli uko karibu. Maji yakijaa wanakuvusha kwa mashua, yakipwa unakwenda kwa miguu mpaka kwenye ngazi. Hilo tangazo lako limejieleza lenyewe, wewe umetazama sahani.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya Ijumaa. Fungua ramani ya satelaiti, itafute hoteli, tazama ule mstari mweupe wa mawimbi uko umbali gani na ufukwe. Huo umbali ndio matembezi yako. Kisha achana na picha za hoteli, nenda kwenye picha za wageni, zile mbovu mbovu za vidole kwenye kona. Ukiona ngalawa imelala mchangani au vijiti vya mwani vimesimama nje, umeshapata jibu. Halafu waandikie hoteli wenyewe, si wakala, swali moja: tarehe hii, saa nne asubuhi, nikitoka chumbani naweza kuogelea mbele ya hoteli bila kutembea mbali? Usiwaulize kama ufukwe wao ni mzuri, watakwambia ni mzuri, na kweli ni mzuri. Wakianza kukujibu kuhusu bwawa, funga barua pepe.

Najua watakuja watu wa Paje hapa chini kunishambulia. Sikilizeni, sijasema mashariki pabaya. Anayeteleza juu ya maji akivutwa na tiara, Agosti na upepo wa kusi ndiyo sikukuu yake. Anayetaka utulivu, macheo, kitabu na kutembea juu ya mchanga mpaka kwenye mwamba, aende, ila avae viatu na arudi mapema, maana maji yakianza kurudi yanajaza mikondo iliyo nyuma yako wewe ukiwa bado unapiga picha za kiti cha pweza. Na siku za maji mafu hata mimi ningerudi. Lakini mleta mada kaandika waziwazi kwamba mwenzake anataka kuogelea asubuhi na jioni. Kusi la Agosti linapiga mashariki usoni. Kendwa limekingwa. Hapo kuna mjadala gani?

Kuna aliyesema kaskazini kuna kelele za muziki. Ni kweli, chagua hoteli iliyo mbali na baa za ufukweni, au chumba cha mwisho kabisa. Kelele unaweza kuziba masikio. Bahari iliyoondoka huwezi kuifanya chochote.

Chakula usifunge chote hotelini ukiwa Nungwi au Kendwa, ukitoka nje kidogo utakula samaki bila kufilisika. Boti, nimeshasema tulipanda.

Hujataja tarehe kamili, umesema Agosti tu. Weka hapa siku ya kuingia na ya kutoka, nitazilinganisha na mwezi leo leo. Mpaka hapo, huyo wakala usimtumie hata ya kutolea.