Saa nne au saa kumi? Namna violezo na opereta vilivyoniokoa na maji ya Takwa

Kosa langu lilikuwa la tofauti ya saa sita kamili. Ukiishi Lamu unajua uzito wake: maji yakijaa saa nne asubuhi, saa kumi alasiri yamekupwa. Programu yangu ndogo, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya C++, ilitakiwa kuwaambia wageni walioko Shela saa ya kwenda Takwa, kule Manda, ambako chombo huufikia mji wa magofu kwa kupita mkono wa bahari katikati ya mikoko, na hupita maji yakiwa yamejaa tu. Ikawaambia saa kumi. Wakaja gatini na kofia zao na chupa zao za maji. Nahodha akatazama ngazi, vidato vya chini vyote viko nje na mwani unang'aa juani, akasema, "Leo hatwendi." Kisha akanigeukia: "Mwanangu, maji yamejaa saa nne. Hiyo kumi umeitoa wapi?"

"Nisamehe, ami. Ni mimi niliyekosea."

Alikosa nauli ya siku nzima kwa sababu yangu, na jambo hilo lilinikaa rohoni. Usiku ule sikulala mpaka nilipoliona kosa. Jedwali la maji linaandika 10:12. Sisi tunasema saa nne na dakika kumi na mbili. Nilikuwa na fanksheni ya kuondoa saa sita. Niliiita wakati wa kusoma jedwali, kisha majuma kadhaa baadaye, nikiwa nimeshasahau, nikaiita tena wakati wa kuchapisha, na nne ikarudi kuwa kumi. Vyote vilikuwa `int`, yaani namba kamili, idadi ya dakika tu. Kompaila, programu inayoukagua msimbo na kuugeuza uweze kuendeshwa, haikuwa na la kusema, kwa sababu kwake namba ni namba.

Ndipo nilipoanza kuzichukulia kwa uzito aina, yaani lebo zinazoiambia kompaila kila thamani ni kitu gani. Lugha yetu yenyewe inatuonyesha mtego ulipo. "Nitakuja saa tatu" na "nitakaa saa tatu" ni neno lile lile, lakini la kwanza ni nukta kwenye siku, la pili ni urefu. Basi nikatengeneza aina mbili, `Wakati` na `Muda`, nikazipa alama za hesabu zile tu zenye maana. `Wakati` ukitoa `Wakati` unapata `Muda`. `Wakati` ukijumlisha `Muda` unapata `Wakati`. `Wakati` kujumlisha `Wakati` sikuandika kabisa, kwa kuwa saa nne asubuhi kujumlisha saa tisa alasiri si kitu. Ukijaribu, programu haijengeki. Saa ya Kiswahili nayo nikaipa aina yake, inayotoka kwenye `Wakati` mara moja tu, mwishoni, wakati wa kuchapisha. Kuiondolea saa sita mara ya pili sasa haiwezekani, hata niwe na usingizi kiasi gani.

Kwa kazi mpya nakushauri usianze kuandika aina hizi kwa mkono. Tangu C++11, toleo la 2011, lugha ina maktaba ya `chrono`, na ndani yake utaratibu huu umeshafanywa kwa violezo (templates), yaani msimbo unaoandikwa mara moja ukatumika kwa aina nyingi: muda ni kiolezo kinachopokea aina ya namba na kizio chake, na nyakati zilizosomwa kwenye mashine mbili tofauti za saa (clock) hazikubali kutolewa moja kwa nyingine. Isome hata kama hutaitumia. Mimi nilijifunza humo kuliko popote.

Violezo nilivihitaji hasa kwenye kina. Ramani ya bahari inataja mita, fundi wa chombo anataja futi, na manahodha wazee wanataja pima. Nikaandika `Kipimo<Mita>` na `Kipimo<Futi>`, msimbo mmoja, vizio viwili. Ila tazama jambo hili, maana hapa ndipo nilipoumia tena: kijenzi changu (constructor), sehemu inayounda thamani mpya ya aina, kilipokea namba tupu bila neno `explicit`, linaloizuia kompaila kugeuza aina bila kuambiwa. Basi mtu akiandika `kina + 3`, kompaila iliigeuza 3 kimyakimya kuwa mita tatu, ingawa mwandishi alikusudia futi. Aina nzuri yenye mlango ulio wazi haikulindi. Weka `explicit` kwenye kila kijenzi cha kigezo kimoja, na uondoe tu ukiwa na sababu unayoweza kuitaja.

Kuhusu opereta, yaani alama kama `+` ambazo C++ hukuruhusu kuzipa kazi kwa aina zako, kipimo changu ni kimoja: je, mtu asiyeujua msimbo wangu akiiona alama atakisia sawasawa? Niliwahi kuandika `chombo + abiria` kwa maana ya kumpandisha mtu. Mwenzangu alipoisoma aliniuliza chombo kipya kimetoka wapi, na alikuwa na haki, kwa sababu `+` huzaa kitu kipya. Sasa ni `chombo.pandisha(abiria)`. Usiitumie `^` kwa kipeo pia. Unaweza kubadilisha kazi ya alama lakini si daraja lake, yaani ipi hupigwa hesabu kwanza, na `^` iko chini ya `+`, kwa hiyo `a + b ^ 2` itasomwa `(a + b) ^ 2`. Na `&&` na `||` ("na" na "au" za mantiki) ziache zilivyo; ukiziandika upya, upande wa kulia utapigwa hesabu hata pale ambapo wa kushoto umeshatoa jibu.

Lingine nililogundua kwa taabu: nilifanya `==`, alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa, ikubali tofauti ya sentimita tano, nikidhani ninasaidia. Ikawa a ni sawa na b, b ni sawa na c, lakini a si sawa na c. Kila kilichotegemea usawa kikaharibika. Kwa ukaribu andika fanksheni yenye jina lake, `karibu_sawa`, na umwachie anayeiita ataje tofauti anayoivumilia.

Usiandike kiolezo kabla hujawa na matumizi mawili ya kweli. Makosa ya violezo hujaza skrini, ingawa C++20, toleo la 2020, ilipoleta masharti ya aina (concepts), yanayosema kiolezo kinakubali aina zipi, ujumbe ukawa mfupi kidogo ukiyatumia.

Mwezi uliopita nahodha yule yule aliniuliza mbona programu haimpi kina kwa pima. Pima moja ni futi sita, nikaongeza kizio kipya kwa mstari mmoja, sikugusa kitu kingine, na asubuhi yake akaenda Takwa na watu wanane.