Kupanga stoo hakupunguzi foleni

Swali: Mimi ni katibu wa hospitali. Tangu mwaka jana tunatekeleza Kaizen, mfumo wa Kijapani wa kuboresha kazi hatua kwa hatua: stoo zimepangwa, lebo zimebandikwa, lakini mgonjwa wa nje bado anakaa saa nne. Mshauri wetu anasema wauguzi wamezidi, tuwapunguze. Je, ndivyo mfumo unavyotaka?

Jibu: Sivyo, na ushauri huo nimekutana nao mara nyingi mno kuweza kuuita bahati mbaya. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota ambaye mfumo huu unatokana kwa sehemu kubwa na kazi yake, aliwinda upotevu uliomo ndani ya kazi, yaani kungoja, kurudiarudia na kuzunguka bila sababu. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, ilipoanza kuufuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliahidi kwamba hakuna atakayepoteza ajira kwa sababu ya maboresho. Ahadi hiyo haikuwa huruma tu, kwa maana hakuna muuguzi atakayekuonyesha hatua isiyo na faida katika kazi yake ikiwa anajua kwamba atajibiwa kwa barua ya kuachishwa.

Kabla ya kugusa ikama, yaani idadi ya watumishi, mfuateni mgonjwa mmoja anayehitaji kipimo cha damu, kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa, mkiandika saa katika kila kituo. Aghalabu mtakuta kwamba sampuli imetolewa saa 2:40 asubuhi, ikangoja trei ijae ndipo ipelekwe maabara. Kwamba majibu yaliyokwisha kutoka yamelala kaunta hadi mhudumu apite. Na kwamba mgonjwa amerudishwa mwisho wa foleni ileile ya wanaoingia kwa mara ya kwanza. Mkimwondoa muuguzi anayepeleka sampuli, trei hiyo itangoja zaidi. Hesabu yenyewe ni nyepesi: wakifika wagonjwa 20 kwa saa, na kila mmoja akikaa saa 4, wakati wowote mna watu 80 ndani, mkipunguza muda huo hadi saa 2 wanabaki 40, bila kuongeza hata benchi moja.

Hatua tano za kupanga mahali pa kazi, yaani kusasambua (kuondoa visivyohitajika), kuseti (kupanga vinavyobaki), kusafisha, kusanifisha na kushikilia, ni maandalizi tu, ingawa wapo wanaoyauza kama dawa kamili: semina ya siku tatu, picha za kabla na baada, cheti ukutani, kisha mkurugenzi anarudi ofisini kusubiri ripoti. Kiongozi wa mfumo huu hufika wodini na maabara kila siku, huuliza ni nini kilichokwamisha kazi jana, na hukiondoa yeye mwenyewe pale kinapozidi uwezo wa aliye chini yake. Virginia Mason ilimpa kila mfanyakazi, mhudumu wa usafi akiwemo, mamlaka ya kusimamisha jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa, na wakubwa wakalazimika kuitikia. Mshauri anayeomba orodha ya mishahara kabla hajaomba kuingia maabara hajaanza kazi mliyomwajiria, na mwambieni awaonyeshe kwanza saa zilizoandikwa kituo kwa kituo.